Msimu Usiopita: Tahakiki ya Namna Tunavyoandika Kuhusu Misimu ya Zamani, kwa Mtazamo wa Rusizi

Ikisiri

Makala haya yanahakiki dai linalorudiwa katika maandishi mengi ya isimu na fasihi ya Kiswahili kwamba misimu huzuka, huvuma na kutoweka. Kwa kutumia maneno yaliyovuma Uganda, Tanzania, Kenya, Kongo na Rwanda kuanzia miaka ya 1960, makala yanaonesha kwamba mengi ya maneno tunayoyahesabu kuwa mfu yamehama tu: kutoka mtaani hadi kamusini, kutoka Kiswahili hadi Kinyarwanda, au kutoka ujanani hadi uzeeni pamoja na wazungumzaji wake. Mtazamo unaotumika ni wa Rusizi, mpakani mwa Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Inadaiwa kwamba kuuandika msimu bila tarehe wala mahali, na kuusanifisha pale unapojitokeza katika masimulizi ya watu, ni kuharibu ushahidi.

Istilahi za msingi: misimu, Kiswahili cha mpakani, Indoubil, kamusi, masimulizi

1.0 Utangulizi

Katika vitabu vingi vya sarufi na vya fasihi simulizi vinavyotumika katika shule za Afrika Mashariki, mwanafunzi hufundishwa mambo matatu kuhusu misimu: kwamba si lugha sanifu, kwamba huzuliwa na kikundi fulani cha watu kwa mahitaji yao, na kwamba huvuma kwa kipindi kisha hupotea. Mambo mawili ya kwanza yamejadiliwa sana, hata kufikia kuchosha. La tatu limepita miaka yote bila kuulizwa lolote. Limekuwa kama ada: mwandishi hulitaja katika aya ya kwanza, hutoa mifano miwili au mitatu ya maneno yaliyopitwa na wakati, hucheka kidogo, kisha huendelea na uundaji wa maneno mapya, ambao ndio unaoonekana kuwa na heshima ya kitaaluma.

Nataka kusimama katika jambo hilo la tatu. Sababu yangu ni ya kijiografia kabla ya kuwa ya kinadharia. Rusizi, ambayo wenyeji wengi bado tunaiita Cyangugu ijapokuwa mgawanyo mpya wa mikoa na wilaya wa mwaka 2006 uliliondoa jina hilo katika ramani ya utawala, iko mahali ambapo Kiswahili cha pande kadhaa hukutana. Ukivuka mto Rusizi umefika Bukavu. Ukishuka kusini hadi Bugarama, Burundi na Kongo zote mbili ziko karibu. Madereva wa malori huleta Kiswahili cha Tanzania, na darasani kimo Kiswahili sanifu, ambacho tangu mwaka 2017 ni lugha ya nne rasmi ya nchi yetu baada ya Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Mtu anayekaa mahali kama hapa hawezi kusema kirahisi kwamba neno fulani limekufa. Atalazimika kwanza kuuliza limefia wapi.

2.0 Kuhusu jina lenyewe

Tuanze na istilahi, maana ndiyo iliyobeba dai. Neno msimu tumelipata kutoka Kiarabu, mawsim, na kabla ya kuingia katika taaluma lilikuwa neno la mabaharia na wakulima. Upwani msimu ni majira ya pepo: kaskazi huleta majahazi, kusi huyarudisha. Waliochagua neno hili liwe jina la maneno ya mtaani walitaka kutuambia kwamba maneno hayo ni ya kupita. Lakini hawakuufuata mfano wao hadi mwisho. Kaskazi haifi. Huondoka mahali pamoja ikaacha kazi yake kwa upepo mwingine, na mwaka unaofuata huwa imerudi. Kwetu Rwanda, ambako hatuna majahazi ya kusubiri kusi, mwaka una majira manne, urugaryi, itumba, icyi na umuhindo, na hakuna mkulima wa mpunga wa Bugarama anayesema itumba imekufa kwa sababu tu mwezi Julai umefika.

Kwa hiyo istilahi yetu ni nzuri kuliko maelezo tunayoyatoa juu yake. Ndani yake mna wazo la kuondoka na kurudi, na la mahali: mvua inaponyesha kwetu kuna kwingine kulikokauka. Tulichofanya ni kulichukua jina na kuliwekea maana ya uozo.

Kosa hili lina matokeo. Mtafiti anayeamini kwamba misimu hupotea atakusanya ya leo kwa haraka kabla haijapotea, na ya jana ataiachia vipindi vya redio vya kukumbuka zamani, ambamo watu wazima hupiga simu kutajiana maneno ya ujana wao na kuangua kicheko. Sina ugomvi na vipindi hivyo. Nina ugomvi na sisi wenye shahada, tulioiachia burudani kazi ambayo ni yetu.

3.0 Sarafu na majina yake

Mfano ulio rahisi kuuona ni wa fedha, kwa sababu sarafu hufa kwa tangazo la serikali na tarehe ya kifo chake hujulikana.

Mwaka 1967 Kongo ilianzisha sarafu ya zaire iliyogawanywa katika makuta mia moja, umoja wake likuta. Mfumuko wa bei wa miaka ya Mobutu uliifanya likuta isinunue kitu, kisha zaire yenyewe ikabadilishwa mwaka 1993, na mwaka 1998 faranga ikarejea. Kwa hesabu ya benki, makuta yamekufa. Kwa hesabu ya soko la Bukavu, makuta ni pesa, pesa yoyote, na kijana aliyezaliwa baada ya sarafu hiyo kuondolewa hulitamka bila kujua kwamba anataja kitu ambacho hajakishika. Neno hilo huvuka daraja pamoja na nyanya, mkaa na samaki, na huku kwetu hakuna mfanyabiashara wa mpakani asiyelielewa.

Tanzania ina kisa kinachofanana nacho, ingawa hakikuishia mahali pamoja. Sarafu ya shilingi tano iliitwa dala. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mabasi madogo ya watu binafsi yalipoanza kubeba abiria Dar es Salaam kwa nauli ya shilingi tano, makondakta waliita dala, dala, na gari likapata jina. Leo shilingi tano hainunui kitu na hakuna anayeitaja dala katika mazungumzo ya kawaida, lakini daladala iko katika kamusi na katika sheria ndogo za miji. Jina la matatu la Kenya lina asili ya aina hiyohiyo, nauli ya sarafu tatu za senti kumi, na nalo limekwisha kuwa la kiserikali.

Jirongo halikubahatika. Kabla ya uchaguzi wa Kenya wa mwaka 1992, kikundi cha vijana wa chama tawala kilichojulikana kama YK'92 kilimwaga fedha nyingi katika kampeni, na noti ya shilingi mia tano ikapewa jina la kiongozi wake, Cyrus Jirongo. Neno hilo halisikiki tena kwa maana ya noti. Mwenye kushikilia nadharia ya kutoweka atasema: huo ndio ushahidi. Nami nakubali kwamba neno limetoka katika matumizi. Lakini angalia lilichokuwa likisema. Hakuna hati ya Hazina iliyotangaza kwamba noti zilizojaa mikononi mwa watu mwaka ule zilitokana na siasa. Watu wa mtaani walilisema jambo hilo kwa neno moja, kila walipolipa nauli. Kitabu cha historia ya uchumi wa Kenya kinachopuuza neno hilo kinapungukiwa na kitu, na kamusi inayolitaja bila mwaka 1992 kando yake haijalifafanua hata kidogo.

4.0 Mafuta mingi na upatanisho wake mbaya

Naingia sasa katika jambo ambalo kwangu ni zito zaidi, nalo ni tabia ya kusahihisha.

Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, maduka, viwanda na majumba yao yaligawiwa askari na watu waliokuwa karibu na utawala. Matajiri hao wapya Waganda waliwaita mafuta mingi. Uchumi wa njia za panya uliofuata uliitwa magendo. Vijana waliozurura mijini wakiishi kwa ujanja waliitwa bayaye. Maneno haya matatu yamekuwa yakitumiwa na wanauchumi na wanasosholojia waliochunguza Uganda ya wakati ule, na kwa haki, kwa kuwa hakuna istilahi ya kitaaluma iliyoyashinda.

Sasa mpe mhariri wa Kiswahili sanifu neno mafuta mingi. Mkono wake utakwenda wenyewe kwenye kalamu nyekundu, na atakuachia mafuta mengi. Kisarufi yuko sahihi: mafuta ni ya ngeli ya ma-, na kivumishi chake ni -ingi chenye upatanisho wa ma-. Lakini upatanisho ule mbaya ndio uliobeba historia. Hicho ni Kiswahili cha kambini, kilichokua Uganda kwa kupitia jeshi na polisi kwa miaka mingi kabla ya Amin kukitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Raia aliyesema mafuta mingi alikuwa akimtaja tajiri kwa lafudhi ya bunduki iliyompa utajiri. Sahihisha i iwe e, na askari ametoweka katika sentensi. Amebaki mtu mwenye mafuta.

Magendo nayo ilichukua njia nyingine. Katika Kinyarwanda cha leo, magendu ndilo neno la matangazo ya mamlaka ya kodi na ya polisi kuhusu bidhaa zinazoingizwa nchini bila kulipiwa ushuru. Asili yake ya Kiswahili haina shaka. Kilichokuwa Uganda neno la mtaani la kutaja maisha ambayo karibu kila mtu aliyaishi, huku kwetu ni neno la sheria la kutaja kosa. Ni vigumu kusema neno kama hilo ni la msimu gani.

Au tutazame caguwa. Kila Mnyarwanda anajua kwamba caguwa ni nguo zilizokwisha kuvaliwa zinazotoka ng'ambo. Ni kitenzi cha Kiswahili, chagua, kilichotoka katika mwito wa wauzaji na kikageuka nomino. Tanzania na Kenya ziliwahi kuziita nguo hizo kafa Ulaya, jina lenye dhihaka na hofu kidogo ndani yake, kana kwamba mnunuzi anavaa vazi la maiti. Kafa Ulaya imeachia mitumba nafasi, nalo ni jina lisilo na hisia, kwa kuwa mtumba ni robota tu. Rwanda ilipopandisha ushuru wa nguo hizo mwaka 2016 kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na Marekani ikajibu mwaka 2018 kwa kuziondolea nguo zetu nafuu ya ushuru iliyokuwa chini ya mpango wa AGOA, mjadala mzima nchini uliendeshwa kwa neno hilo la Kiswahili ambalo kamusi ya Kiswahili hailijui kwa maana hiyo. Hoja zilizo katika majina haya matatu ni tofauti: moja linamtazama aliyefariki, jingine linatazama mzigo, jingine linamtazama mnunuzi na uhuru wake wa kuchagua. Yapangwe kwa mpangilio wa wakati na mahali, na tutakuwa na historia fupi ya vazi la maskini wa ukanda huu.

5.0 Kadogo

Neno lililonisukuma kuandika makala haya ni kadogo.

Kimofolojia halina ugumu. Kiambishi ka- cha udogo, ambacho Kiswahili sanifu hukitumia kwa nadra na aghalabu kwa dharau, ni cha kawaida katika Kiswahili cha Kongo, pamoja na wingi wake wa tu-, na msemaji wa Kinyarwanda hukipokea bila mshangao kwa kuwa ana aka- na utu- zake. Kadogo ni kitu kidogo au mtoto mdogo. Hadi hapo hakuna msimu wowote.

Lakini katika vita vya msituni vya Uganda vya miaka ya 1980, jeshi la NRA liliwaita kadogo watoto waliokuwa wakibeba silaha ndani yake. Neno lilipanda milima pamoja na askari. Mwezi Oktoba 1996 vita vilipoanza Kivu ya Kusini na Bukavu ikaanguka mwishoni mwa mwezi huo, majeshi ya AFDL ya Laurent-Désiré Kabila yaliwachukua vijana na watoto wengi, na kadogo likawa jina lao kutoka Uvira hadi Kinshasa. Rais Kabila alipouawa tarehe 16 Januari 2001, aliyempiga risasi alikuwa mlinzi wake aliyetokana na kundi hilo la kadogo. Wakati huohuo Nairobi neno lilikuwa likienda zake kwa amani: uchumi wa kadogo ni wa kununua mafuta ya kupikia kwa kipimo cha siku moja, na sukari ya kikombe kimoja.

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kusoma maandishi yaliyotokana na mradi mmoja wa kukusanya masimulizi ya wakazi wa mpakani. Mradi huo sitautaja, wala wahusika wake. Kanuni za unukuzi ziliagiza kwamba Kiswahili cha wasimulizi kiandikwe kwa usanifu ili kimfae msomaji wa Afrika Mashariki nzima, agizo ambalo kwa nia yake ni jema. Nilipolinganisha kurasa chache na sauti zilizorekodiwa niliona makuta yamekuwa pesa, jambo la kuvumilika. Kisha nikafika mahali ambapo mama mmoja anaeleza aliyesimama mlangoni mwake usiku mmoja wa mwaka 1996. Sauti inasema kadogo. Karatasi inasema mtoto mdogo.

Msomaji wa karatasi ile atajiuliza mama yule aliogopa nini. Mtoto mdogo akisimama mlangoni usiku hupewa uji na mahali pa kulala. Mnukuzi hakudanganya, wala hakuacha neno. Alifanya kile ambacho vitabu vyetu vimemfundisha, kwamba msimu ni uchafu juu ya maana na kwamba ukiupangusa maana hubaki. Katika sentensi ile bunduki ilikuwa ndani ya msimu, na ilipanguswa nao.

Napenda kuwa mkali hapa kwa sababu masimulizi ya aina hii hayarudiwi. Mama aliyesema mwaka ule huenda hatasema tena, na rekodi za sauti huharibika au hufutwa, ikabaki karatasi. Hiyo karatasi ndiyo itakayotumiwa na mwanahistoria wa mwaka 2060, ambaye hatakuwa na njia ya kujua kwamba nyuma ya maneno mawili ya upole palikuwa na neno moja la vita.

6.0 Dhihaka ya maradhi

Nitapita upesi katika misimu ya UKIMWI, ingawa inastahili makala yake. Maradhi yalipotambuliwa Kagera mwaka 1983, watu wa huko waliyaita Juliana, kwa jina la nguo ya mtindo iliyoingia kutoka Uganda kwa magendo. Jina hilo lina nadharia kamili ya uambukizi ndani yake, kwamba maradhi huja na biashara, na fedha, na tamaa ya kupendeza. Baadaye zikaja ngoma, miwaya na umeme. Vijana wa Tanzania waliirefusha AIDS kuwa Acha Iniue Dogodogo Siachi. Wale wa Zaire waliirefusha SIDA kwa Kifaransa chenye maana kwamba ni maradhi ya kubuni, yaliyotungwa kuwavunja moyo wapendanao. Mpaka wetu umekaa katikati ya dhihaka hizi mbili, na hazisemi jambo moja. Ya kwanza inakubali kifo na kukikaidi. Ya pili inakana kwamba kipo. Mtaalamu wa afya ya jamii angeweza kujifunza mengi kwa kujua ni ipi iliyosikika zaidi, mji gani, mwaka gani. Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu na kuufanya muziki wake Dar es Salaam, alitoa mwaka 1990 wimbo wa Mambo kwa Soksi, na Radio Tanzania haikuupiga; lakini soksi ilieleweka kila mahali, na kwa miaka kadhaa mtu hakuweza kuitaja nguo hiyo ya miguuni bila wenzake kutabasamu. Leo soksi ni soksi tena. Hilo ni moja kati ya maneno machache ninayokubali kwamba msimu wake wa pili umekwisha kabisa, na chanzo cha kwisha kwake ni kwamba kilichofichwa hakihitaji tena kufichwa.

7.0 Bukavu, 1988

Kazi ya kitaaluma inayotugusa sisi wa Rusizi kwa karibu zaidi ni makala ya Didier Goyvaerts (1988) kuhusu Indoubil ya Bukavu, iliyochapishwa katika jarida la Language in Society. Indoubil ya Kinshasa, iliyotokana na vijana wa miaka ya 1950 waliojiita Mabill kwa kuiga filamu za Kimarekani za wachunga ng'ombe, ilijengwa juu ya Kilingala. Goyvaerts alionesha kwamba Bukavu ilikuwa na yake iliyosimama juu ya Kiswahili, ikichota msamiati wa Kilingala, Kifaransa, Kiingereza na lugha za wenyeji. Kwa wakati wake ilikuwa makala ya ujasiri. Wengi walikuwa bado wakikitaja Kiswahili cha Kongo kama kielelezo cha makosa tu, naye alikichukua pamoja na lahaja yake ya vijana kama mfumo unaostahili kuchunguzwa.

Ninachokipinga si makala yenyewe bali namna tunavyoisoma. Huwa tunaitaja katika orodha, baada ya Sheng na kabla ya Yanke, kama kwamba Indoubil ni kituo ambacho treni imekwisha kukipita. Tufanye hesabu ndogo. Kijana wa Bukavu aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1988 amekwisha kupita miaka hamsini. Hajahama mdomo wake. Anavuka daraja asubuhi kuja kuuza au kununua, ana wajukuu, na akikutana na mwenzake wa rika hilo maneno yale hutoka. Tukisema lugha ile imekufa, tunamaanisha kwamba vijana hawaitumii, na tunasahau kwamba lugha ya vijana ikidumu na wenyewe hugeuka kuwa lugha ya wazee. Hapa ndipo nadharia ya msimu inaposhindwa kwa dhahiri zaidi: imechanganya umri wa neno na umri wa msemaji. Wazee wa mtaa wowote wa Kamembe watakuambia mwaka waliozaliwa kwa namna wanavyoitikia salamu, kabla hujaona vitambulisho vyao.

Kwa sababu hiyohiyo sikubaliani na mwelekeo wa kamusi ya Sheng ya Ireri Mbaabu na Kipande Nzunga (TUKI, 2003), ambayo jina lake dogo linaitambulisha Sheng kama lugha ya wahalifu wa Afrika Mashariki inayohitaji kufumbuliwa. Kazi ya ukusanyaji ni kubwa na tunaitegemea. Lakini jina lile linamfanya kila msemaji kuwa mshukiwa, na mshukiwa hafichui tarehe. Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling, katika uchunguzi wao wa Lugha ya Mitaani ya Tanzania uliotolewa katika Swahili Forum mwaka 2006 pamoja na kamusi ya maneno zaidi ya elfu moja, walifanya vizuri zaidi kwa kuutazama mtaa kama mahali pa ubunifu: sitiari, kupinda maana, mchezo wa sauti. Uchunguzi huo umekwisha kupata thamani nyingine ambayo huenda haikukusudiwa. Ulikuwa picha ya lugha ya vijana. Sasa ni hati ya kihistoria ya mwanzo wa karne hii, na unapaswa kusomwa hivyo.

8.0 Kamusi bila kalenda

Kamusi ya Kiswahili Sanifu imepitia matoleo ya 1981, 2004 na 2013. Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA ilitoka 2015. Katika hizo zote, neno lililoingia karne ya kumi na tisa na lililoingia jana hukaa bega kwa bega bila alama ya umri. Hatuna kamusi ya kihistoria ya Kiswahili. Upungufu huu unauma zaidi kwa misimu, kwa sababu neno kama kitabu linaweza kueleweka bila tarehe, lakini jirongo, mafuta mingi na kadogo hayawezi.

Nimewahi kujibiwa kwamba kamusi ikibeba tarehe na mahali pa kila neno itakuwa nene kupita uwezo wa mnunuzi. Hoja ya unene isingetushinda. Padri Charles Sacleux, katika kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa iliyotoka Paris kati ya 1939 na 1941, aliweka alama za lahaja na mahali kando ya maneno yake, akifanya kazi kwa kadi na kalamu. Kama ni nafasi, intaneti haina kurasa za kuhesabu. Kilicho kigumu ni kukubali kwamba neno lisilo sanifu linastahili tarehe.

Darasani jambo hili halingoji. Mwalimu wa Rusizi anafundisha Kiswahili kwa wanafunzi ambao wengi wao wamekisikia sokoni kabla ya kukisoma. Nimeona daftari ambalo makuta yamepigiwa mstari mwekundu na kuandikwa juu yake kosa. Mwalimu alikuwa na haki ya kumwambia mtoto kwamba katika mtihani wa taifa ataandika pesa. Lakini kosa ni neno lingine. Mtoto yule alikuwa ameandika jina la sarafu ya nchi jirani iliyokwisha kufa kabla hajazaliwa, aliyoirithi kwa mama anayevuka mpaka. Nusu saa ya somo zuri la historia ilikuwa katika neno hilo, na mwalimu hakuwa na kitabu chochote cha kumwambia hivyo.

Basi ingizo ninalolitaka lingekuwa la namna hii. Kadogo, nomino, kutoka ka- ya udogo na -dogo. Moja, mtoto anayebeba silaha katika jeshi: Uganda, miaka ya 1980, katika NRA, Kongo, kuanzia Oktoba 1996, katika AFDL, hutumika bado katika masimulizi ya wakazi wa Kivu na Rusizi waliokuwa watu wazima wakati huo. Mbili, kipimo kidogo cha bidhaa ya kila siku: Kenya, hutumika sasa. Kisha chini yake tahadhari kwa wanukuzi: katika maana ya kwanza lisibadilishwe. Ni mistari minane ya chapa ya kawaida.